Jibu: Kikwazo mbele ya kipofu (Walawi 19:14)

Salaam ndugu. Umekwama kwenye amri ya kutomwekea kipofu kikwazo: nani mwenye akili timamu angefanya hivyo, mpaka Torati imkataze?

Nami nilikwama hapohapo. Anza na mwisho wa aya: "umche Mungu wako". Rashi, mfafanuzi mashuhuri wa Torati wa Kiyahudi, anaeleza kwamba maneno hayo huja kwenye mambo ya moyoni, ambayo jirani hawezi kuyathibitisha. Ukimkwaza kipofu kwa jiwe, watu watakuona. Ukimpa mtu ushauri mbaya kwa faida yako, utasema tu, "Nilimtakia mema."

Ndivyo marabi, walimu wa Kiyahudi, walivyoisoma. "Kipofu" ni yeyote asiyeona jambo lililo mbele yake. Mfano wao naupenda sana: usimwambie mtu auze shamba anunue punda, kumbe shamba unalimezea mate wewe. (Madalali wetu wangepata shida.) Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inaongeza: usimpe mnadhiri (aliyeweka nadhiri ya kutokunywa divai) kikombe cha divai, maana unamsaidia kuvunja nadhiri yake.

Kisha rudi aya ya 13: ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Zote mbili zinakataza kumdhulumu asiyeweza kujitetea; zisome pamoja, ya 14 haitakuwa ngeni tena.