Sista wa Moyo: “Baba ametoka na 0.86, maana yake nini?”

Barua zenu kuhusu moyo zinajibiwa na muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kathlabu, chumba ambamo mishipa ya moyo hupimwa na kuzibuliwa, ambaye sasa anasaidia kliniki ya moyo mjini Moshi.

SWALI: Shikamoo Sista. Baba yetu ana miaka 66, analima kahawa na migomba Kibosho. Mwezi uliopita alizibuliwa mshipa wa moyo Dar es Salaam, akawekewa stenti mbili (vijibomba vya wavu vinavyoushikilia mshipa uwe wazi) kwenye mshipa wa kushoto unaoshuka kwa mbele. Daktari alituonyesha picha, mshipa uko wazi kabisa, tukamshukuru Mungu. Tulipofika nyumbani nikaisoma ripoti: “FFR kabla 0.68, baada 0.86.” Kaka yangu wa Arusha ni mwalimu wa hesabu. Akasema hiyo ni asilimia 86 ya kupona, kwa hiyo 14 zilizobaki ni za kufa. Mama alisikia. Tangu siku hiyo mzee haruhusiwi hata kwenda mferejini peke yake, na wajomba wanataka tumrudishe Dar wakamalizie kilichobaki. Tufanyeje?
Kitinda mimba, Kibosho

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie mama alale. Kaka yako hesabu anazijua, ila amekabidhiwa namba bila kuambiwa imepima nini.

FFR haihesabu kupona wala kufa. Ni uwiano wa presha mbili zinazopimwa kwa wakati mmoja: presha kwenye mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, na presha ndani ya mshipa wa moyo wenyewe, ng’ambo ya pale palipoziba. Kama juu inasoma 100 na ng’ambo inasoma 86, ripoti inaandika 0.86. Basi. Mzee wako atakuelewesha kuliko mimi, maana amekulia kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Anayetaka kujua kama mfongo umezibuka sawasawa haangalii mdomo wake peke yake; anashuka hadi shamba la chini, tena siku ambayo kila mtu ana haja ya maji, aone yanafika kwa nguvu gani.

Ndivyo ilivyofanyika kwa baba. Walipitisha waya mwembamba kuliko nusu milimita, wenye kipima presha karibu na ncha. Wakampa dawa, mara nyingi ni adenosini, ambayo hufungua vijishipa vidogo vilivyomo ndani ya msuli wa moyo ili damu ikimbie kama vile mtu anapanda mlima. Hapo ndipo namba ikasomwa. Njia hii ilijengwa miaka ya 1990 na madaktari Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji pamoja na wenzao. Mshipa usio na ugonjwa husoma karibu na 1. Ukisoma 0.80 au chini yake, kuna msuli unaokosa damu mwenye nao anapojitahidi. Baba alikuwa na 0.68, kwa hiyo yale maumivu aliyokuwa akiyasikia akipandisha na mzigo hakuyatunga, na stenti hazikuwekwa bure.

Sasa ile 0.86 ya baadaye. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hospitali nyingi bado humaliza kazi kwa kuangalia picha, na mimi naona kipimo cha mwisho kina haki ya kufanywa na kuandikwa kila inapowezekana. Nimesimama kwenye chumba kile na joho la risasi la kuzuia mionzi mabegani, picha inatokea kwenye skrini, mshipa umenyooka, kila mtu anavuta pumzi. Halafu waya unapitishwa na namba inakataa kupanda. Picha inaonyesha upana wa njia ya damu. Haionyeshi kama damu inafika. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa wagonjwa 500 ambao madaktari wao waliridhika na picha baada ya stenti. Walipopimwa kwa njia nyingine ya presha isiyohitaji dawa, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa bado na msuli wa moyo usiopata damu ya kutosha, na wengi wao walikuwa na sehemu fupi iliyobana ambayo haikutibiwa.

Namba hiyo inatabiri kitu? Ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2002 Pijls na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 750 waliopimwa mara tu baada ya stenti, kisha wakafuatiliwa miezi 6. Waliokuwa juu ya 0.95, wapatao 5 kati ya 100 walikufa, au walipata shambulio la moyo, au walirudi kuzibuliwa mshipa uleule. Waliokuwa chini ya 0.90 walifika 20 kati ya 100. Chini ya 0.80, karibu 30. Naomba kaka yako azisome namba hizo kwa utulivu. Kwanza, matukio matatu yamewekwa kapu moja, na kurudi kuzibuliwa si kufa. Pili, zile zilikuwa stenti za zamani zisizo na dawa. Za siku hizi hupakwa dawa inayozuia mshipa kuziba tena, na matokeo yake ni bora. Tatu, na hili ndilo ninalotaka mama alisikie: takwimu ya watu 750 inasema juu ya kundi. Hata katika kundi lile la chini ya 0.90, wanane kati ya kumi hawakupatwa na lolote kati ya hayo matatu.

Tena mshipa wenyewe una neno. Ule wa kushoto unaoshuka kwa mbele ni mrefu, unalisha sehemu kubwa ya moyo, na mgonjwa akilala chali ncha yake iko juu kuliko ulipoanzia. Kwa hiyo hata baada ya kazi nzuri husoma chini kuliko mshipa wa kulia. 0.86 kwenye mshipa wa kulia ingenifanya niulize maswali mengi zaidi. Kwenye mshipa wa baba, nimeiona kwa watu ambao leo wanachuma kahawa yao wenyewe.

Kuhusu kumrudisha Dar “wakamalizie”: kwa namba peke yake, hapana. Huko Glasgow, Scotland, walilijaribu jambo hili kwa wagonjwa 260, matokeo yakatoka mwaka 2021. Baada ya stenti karibu theluthi mbili walikuwa chini ya 0.90, yaani baba yako ana wenzake wengi sana. Nusu ya wagonjwa walipangiwa kwamba namba ikiwa ndogo, daktari ajaribu kuipandisha pale inapowezekana, kwa kupanua stenti zaidi au kuongeza nyingine. Ukiwalinganisha na nusu nyingine, waliobaki na 0.80 au chini walipungua, lakini waliofika 0.90 hawakuongezeka kwa kiasi cha kuthibitika. Sababu ni kwamba mara nyingi kinachobaki ni mafuta yaliyosambaa kwenye ukuta wa mshipa wote, na huwezi kuupiga stenti mshipa mzima. Hayo yanatibiwa na vidonge.

Kwa hiyo ripoti hiyo iwekeni kwenye bahasha na iende na baba kila kliniki, pamoja na diski ya picha. Daktari wa hospitali ya KCMC hapa Moshi au kokote atakapomwona aijue 0.86, kwa sababu itamsaidia kuamua aharakishe kiasi gani baba akianza kulalamika. Kinachonitia wasiwasi si namba bali maumivu yaleyale ya zamani yakirudi: kifua kubana akipandisha na kuachia akisimama. Hilo likitokea, asingoje tarehe ya kliniki. Na kifua kikibana amekaa tu, kisiachie kwa dakika 15, huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, si kesho asubuhi na si baada ya kumpigia mjomba.

Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda kwenye stenti, asiache hata siku moja bila ruhusa ya daktari wake wa moyo. Akienda kung’oa jino, aseme ana stenti. Dawa ya kushusha mafuta nayo ni ya kuendelea, hata kipimo cha lehemu kikirudi kizuri. Najua bei zake, na najua dawa ya mwisho wa mwezi inavyosubiri kahawa ilipwe. Ninyi watoto gawaneni hilo kabla halijafika. Sigara, hapana hata moja. Mbege kwenye kata moja siku ya sherehe aulizie kliniki, ila kukaa nayo kutwa nzima haifai.

Na mferejini aende. Aanze na tambarare, aongeze kidogo kidogo kadiri kliniki itakavyomruhusu. Moyo uliozibuliwa unahitaji kutembezwa.

SWALI: Sista, mimi ni mama wa miaka 54, Njiro, Arusha. Nilipelekwa kathlabu kwa sababu ya kifua. Wakaniwekea dawa kwenye dripu, kifua kikabana, pumzi ikakata, nikajua nakufa. Baada ya hapo daktari akasema mshipa umebana lakini kipimo ni 0.84, hakuna stenti, niende nyumbani na vidonge. Nimelipa hela yote hiyo niambiwe hivyo? Naogopa kulala.

JIBU: Pole sana mama. Ile hali ni adenosini yenyewe. Huwapata wengi na huisha dakika chache baada ya dripu kufungwa. Ulipaswa kuambiwa kabla, na wauguzi wenzangu wanaosoma hapa nawasihi: semeni na mgonjwa kabla dripu haijafunguliwa, mshikeni mkono.

Hela yako haikupotea. Umenunua jibu ambalo picha isingekupa. Kuna utafiti uitwao DEFER, uliofuata watu wa namna yako kwa miaka 15: mshipa umebana kwenye picha lakini presha ng’ambo ni nzuri. Wengine walizibuliwa, wengine wakaachwa na dawa. Vifo havikutofautiana, na mashambulio ya moyo yalikuwa machache zaidi kwa walioachwa. Stenti nayo ni kitu kigeni ndani ya mwili, ina hatari zake. Daktari aliyekuacha bila stenti amekutendea vyema. Kwenye utafiti huo mpaka ulikuwa 0.75, siku hizi ni 0.80, na wewe uko juu ya zote mbili.

Lakini kama kifua bado kinabana, usikubali kuambiwa “huna kitu.” FFR inasoma mshipa mkubwa. Vijishipa vidogo ndani ya msuli vinaweza kuwa na ugonjwa wao, na wanawake wengi huteseka hivyo huku picha ikiwa safi. Upo upimaji wake, ni adimu, ila matibabu ya dawa yanaweza kuanza kwa dalili zako. Rudi ukamweleze daktari maumivu yanakuja lini, yanakaa muda gani na unakuwa unafanya nini. Andika kwenye karatasi kabla hujaingia.

SWALI: Presha ya mkononi ikiwa 120 kwa 80, si ina maana damu inapita vizuri na kwenye moyo?
Dereva, Majengo, Moshi

JIBU: Hapana kaka. Hiyo ni presha ya upande wa juu tu. Ya ng’ambo ya kizuizi haionekani mkononi, na mtu mwenye 120 kwa 80 anaweza kuwa na mshipa wa moyo unaosoma 0.60. Endelea kupima, inakusaidia kwa mengine. Ila ukisikia kifua kinabana unapopakia mizigo, njoo kliniki upimwe ECG (umeme wa moyo), sukari na lehemu, kisha tutajua kama unahitaji rufaa.