Dirisha likiganda, kaunta inasimama

Siku ya pili baada ya kufunga programu yangu ya mauzo kwenye duka moja la dawa mjini Morogoro, dada wa kaunta alinipigia simu saa 4 asubuhi. "Kaka, mteja kanunua chupa moja ya dawa ya kikohozi, mashine imeandika nne, na risiti nne zimetoka." Nikachukua bajaji nikijua nakwenda kurekebisha kitu cha dakika kumi. Nilikaa nyuma ya kaunta ile siku tatu, kwenye kiti cha plastiki, nikiangalia mikono ya yule dada inavyofanya kazi. Karibu kila ninachokijua leo kuhusu madirisha, vitufe na visanduku vya programu za kompyuta za mezani nilikipata pale. Nyumbani kwangu programu ilikuwa haina kasoro hata moja. Kasoro zote zilikuwa zinaningoja kaunta.

Nimetumia lugha ya Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha, kwa sababu Tkinter huja pamoja na Python yenyewe na laptopu ya zamani inaibeba bila shida. Wewe unayetumia Qt au Swing ya Java utayakuta mambo haya haya kwa majina mengine.

Risiti nne zilitoka wapi

Printa ya risiti iliishiwa karatasi. Fanksheni yangu ya kuuza ilikuwa inafanya kila kitu kwa mkupuo: inahifadhi mauzo, inatuma risiti, inaisubiri printa imalize, ndipo inarudi. Dada alibonyeza, akaona kimya, akabonyeza tena na tena harakaharaka, kama ambavyo mtu yeyote mwenye mteja mbele yake angefanya. Karatasi ilipowekwa, mibonyezo yote mitatu iliyokuwa inasubiri ikatekelezwa mmoja baada ya mwingine. Orodha ya dawa ilikuwa bado ipo kwenye skrini, maana niliiacha ibaki hadi mtu abonyeze "Mteja mpya" ili risiti iweze kurudiwa. Basi ikauzwa mara nne, na stoo ikapungukiwa chupa tatu ambazo bado zilikuwa kwenye rafu.

Sababu yake ni hii. Programu yenye dirisha ina uzi (thread, yaani mfuatano wa kazi zinazotekelezwa moja baada ya nyingine) mmoja tu unaolihudumia dirisha hilo. Kila mbonyezo, kila herufi inayochapwa, kila kitufe kinachotakiwa kuchorwa upya, vyote vinapanga foleni kwa uzi huo mmoja. Ukiutuma ukangoje printa au usome hifadhidata kubwa, ni karani ameondoka dirishani kwenda stoo: foleni haiondoki, inarefuka. Kwenye Windows, dirisha lisipochukua ujumbe wake kwa sekunde 5, mfumo wenyewe unalihesabu kuwa limeganda na kumwambia mtumiaji kwamba halijibu. Mtumiaji naye anazima kompyuta kwa kidole.

Dawa ya kwanza inayomjia kila mtu kichwani ni kukizima kitufe mwanzoni mwa fanksheni na kukiwasha mwishoni. Nilifanya hivyo, na haikusaidia kitu. Ilinichukua jioni nzima kuelewa kwa nini: mibonyezo iliyofika wakati dirisha limeganda haikuwa imefika kwenye kitufe, ilikuwa kwenye foleni. Inakuja kutekelezwa fanksheni ikishamaliza, wakati kitufe kimekwisha kuwashwa tena. Kitufe kinazimwa na kuwashwa bila mbonyezo hata mmoja kukikuta kimezimwa.

Dawa ya pili, ambayo utaiona inapendekezwa sana, ni kuita update() katikati ya kazi ili dirisha lipumue. Iache kabisa katika kazi ya namna hii. Inachofanya ni kuihudumia foleni papo hapo, mibonyezo ikiwemo, hivyo fanksheni ya kuuza inaweza kuanza upya ndani ya fanksheni ya kuuza ambayo haijaisha. Hitilafu za aina hiyo hazitabiriki; leo zinatokea, kesho hazitokei, na utamtilia shaka dada wa watu bure.

Njia inayofanya kazi ni kuipeleka kazi nzito kwenye uzi mwingine, halafu uzi wa dirisha uwe unachungulia kama jibu limefika:

```
def bonyeza_uza():
    kitufe.config(state="disabled")
    mauzo = soma_skrini()
    threading.Thread(target=fanya_kazi, args=(mauzo,), daemon=True).start()
    dirisha.after(100, chungulia)

def fanya_kazi(mauzo):
    try:
        foleni.put(("sawa", uza_na_chapisha(mauzo)))
    except Exception as kosa:
        foleni.put(("kosa", kosa))

def chungulia():
    try:
        hali, jibu = foleni.get_nowait()
    except queue.Empty:
        dirisha.after(100, chungulia)
        return
    onyesha(hali, jibu)
    kitufe.config(state="normal")
```

Angalia mambo mawili hapo. Fanya_kazi haigusi kitu chochote cha dirishani. Kila inachohitaji ilishapewa kabla uzi haujaanza, na kila inachotoa inakiweka kwenye foleni, ambayo hapa ni queue.Queue() niliyoiunda mwenyewe, siyo ile ya mibonyezo. Kugusa lebo au kisanduku kutoka uzi mwingine ni kujitafutia programu inayokufa bila maelezo, na Qt nao wanakataza jambo hilo waziwazi. La pili ni ile sehemu ya kosa. Ukiisahau, siku printa itakapokataa kabisa, chungulia itachungulia milele na kitufe hakitawaka tena. Na kama unatumia hifadhidata ya SQLite, fungua muunganisho ndani ya uzi huohuo unaoutumia, la sivyo Python itakukatalia.

Hata baada ya hapo niliongeza kinga nyingine chini kabisa, kwenye hifadhidata. Namba ya risiti inatolewa mteja anapoanza kuhudumiwa, na safu ya namba hiyo ina sharti la UNIQUE. Mauzo yaleyale yakija mara ya pili kwa njia yoyote ile, hifadhidata inayakataa. Fedha za mtu na stoo ya dawa hazifai kulindwa na kitufe peke yake.

Utajuaje kazi ipi ipelekwe kwenye uzi mwingine? Mimi natumia vipimo alivyoviandika Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, mwaka 1993. Jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anaona limekuja palepale. Mpaka sekunde 1 anaona kuchelewa lakini wazo lake halikatiki. Sekunde 10 ndio mwisho wa uvumilivu wake. Akizivuka anageukia jambo lingine. Kwangu, chochote kinachohusu printa, mtandao au ripoti ya mwezi kinatoka kwenye uzi wa dirisha bila mjadala.

Skana ni kibodi yenye haraka

Hili ndilo lililonitisha kuliko yote, na ninaomba usilipite.

Skana ya kawaida ya msimbo pau, ile ya kuchomeka kwenye USB, kompyuta inaiona kuwa ni kibodi. Inachapa tarakimu 13 kwa kasi na mara nyingi inamalizia na Enter. Haijui kishale kiko kwenye kisanduku gani. Asubuhi moja dada alikuwa amebonyeza kwenye kisanduku cha idadi, akapiga skana, na idadi ikawa namba ya tarakimu 13. Jumla ya pesa ikatoka nje ya skrini. Hilo mtu analiona na kulifuta, halina madhara.

Lenye madhara ni la pili. Nilikuwa nimeweka kidirisha cha onyo: dawa ikiwa imekwisha muda wake, kinatokea katikati ya skrini na kitufe cha "Sawa". Niliona nimefanya jambo jema. Siku ya tatu nikiwa pale kitini, nikamwona dada anapiga skana boksi la kwanza, macho yako kwenye rafu, mkono unachukua boksi la pili, anapiga skana. Onyo lilikuwa limetokea kwa boksi la kwanza. Tarakimu za boksi la pili zikaenda kwenye kidirisha, zikapotea, na ile Enter ya mwisho ikabonyeza "Sawa". Kidirisha kikafungwa bila jicho la mtu kukiona. Boksi la kwanza lilikuwa kwenye mauzo, muda wake umepita wiki mbili, na mteja alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Nikasimama nikamwambia dada, "Samahani, hiyo ya kwanza usimpe."

Usiku ule niliviondoa vidirisha vyote vya onyo. Sasa dawa iliyokwisha muda inaingia kwenye orodha ikiwa na mstari mwekundu, na kitufe cha "Uza" hakiwaki mpaka mstari huo uondolewe. Hakuna cha kufungwa na Enter. Kila dawa ikishaingia, programu inakirudisha kishale kwenye kisanduku cha msimbo kwa focus_set(). Kisanduku cha idadi hakipokei zaidi ya tarakimu 4. Na Enter kwenye kisanduku cha msimbo ina kazi moja tu, kuongeza dawa kwenye orodha. Kuuza ni F9, kitufe ambacho skana haiwezi kukichapa kwa bahati mbaya.

Kidirisha kinachosimamisha kila kitu kinafaa pale tu ambapo mtu ametulia na anaitazama skrini. Kaunta siyo mahali hapo.

Kitufe kilichozama

Skrini yangu ina pikseli 1920 kwa 1080. Ya dukani ilikuwa 1366 kwa 768, na kitufe cha kuchapisha kilikuwa chini ya upau wa Windows. Dada alikuwa anakifikia kwa kuhesabu Tab. Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa place() na namba za pikseli. Achana na place() kwa fomu za kazi. Tumia grid, inayopanga vitu kwa safu na mistari, na uipe weight safu au mstari unaotaka upanuke, vinginevyo vyote vitajikunyata kwenye kona ya juu huku dirisha likiwa wazi. Kwangu orodha ya dawa ndiyo yenye weight, kwa hiyo skrini ikiwa ndogo ni orodha inayopungua na vitufe vinabaki mahali pake. Usichanganye grid na pack, mpangaji mwingine wa Tkinter, ndani ya fremu moja. Tk ya sasa, injini iliyo chini ya Tkinter, itakupa kosa, ya zamani ilikuwa inaganda tu huku wapangaji wawili wakivutana. Ukitaka zote mbili, weka fremu ndani ya fremu.

Laptopu nyingi mpya huja na ukuzaji wa vitu vya kwenye skrini wa asilimia 125 au 150. Kwa asilimia 125, ile 1920 kwa 1080 inabaki na nafasi ya 1536 kwa 864 tu. Programu isiyoiambia Windows kwamba inajua mambo ya ukuzaji huvutwa kama picha, maandishi yanakuwa na ukungu, na wazee wanalalamika macho. Ita fanksheni ya Windows iitwayo SetProcessDpiAwareness kabla ya kuunda dirisha, halafu pima tena kila kitu, kwa sababu saizi ulizoandika kwa pikseli zitaonekana zimepungua. Wa Qt 6 mna nafuu, jambo hili limewashwa tangu mwanzo.

Maneno nayo yanahitaji nafasi. Nilipobadilisha vitufe kutoka Kiingereza, "Save" ikawa "Hifadhi" na herufi ya mwisho ikakatwa, kwa kuwa nilikuwa nimekipa kitufe upana maalumu. Kiache kitufe kijipime chenyewe. Ila dada akaniuliza, "Hifadhi, nahifadhi wapi?" Dukani hawahifadhi, wanauza. Nikaandika "Uza", na upande wa pili "Rudia risiti", maneno aliyokuwa anayasema mwenyewe kutwa.

Madogo yanayokula usiku

Picha ya nembo haionekani ingawa faili lipo: Python imeitupa, kwa sababu hakuna kinachoishika fanksheni ikiisha. Ishike mwenyewe, lebo.picha = picha. Kitufe kinafanya kazi programu inapofunguka tu, baadaye kimya: umeandika command=uza() badala ya command=uza. Vitufe kumi umevitengeneza kwa kitanzi na vyote vinafanya kazi ya kile cha mwisho: lambda, fanksheni fupi isiyo na jina, inasoma thamani wakati wa kubonyezwa, siyo wakati wa kuundwa, kwa hiyo andika lambda i=i: chagua(i). Na PyInstaller, zana ya kuifunga programu ya Python iwe faili la kufunguliwa moja kwa moja, haitoi programu ya Windows ukiwa kwenye Linux. Jenga kwenye Windows, na picha zako zitafute kupitia sys._MEIPASS, folda ambamo PyInstaller inaviweka vitu hivyo, zikiwa zimefungwa pamoja na programu.

Lililobaki ni umeme. Mwanzoni orodha ya mteja ilikuwa inakaa kwenye kumbukumbu mpaka "Uza" ibonyezwe, na kompyuta ya dukani haina betri. Nikabadilisha: kila dawa inayopigwa skana inaandikwa papo hapo kwenye jedwali la mauzo ambayo hayajakamilika, na programu ikifunguka inaliangalia jedwali hilo kwanza. Wiki iliyofuata umeme ulikatika jioni, mteja akiwa na dawa sita kwenye skrini. Walimpa benchi akakaa. Uliporudi, dada aliwasha kompyuta, zile sita zikajipanga kama zilivyokuwa, akachukua skana akapiga ya saba.