Kuunganisha Simu Mpya na Gari la Zamani: Anza kwa Kufuta

Gari langu dogo, ambalo lilitengenezwa mwaka 2007 na likatumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, lilikuwa na alama ya Bluetooth kwenye redio, na alama hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kulichagua. Wakati ule mama yangu alikuwa anaumwa kijijini, ananipigia saa yoyote, nami kila asubuhi niko kwenye foleni ya kutoka Mbagala kwenda mjini. Nilitaka niweze kumsikia bila kushika simu mkononi.

Kwa wiki mbili simu ilikataa. Ililiona gari, ikaanza kuunganisha, kisha ikaniambia imeshindikana. Fundi wa redio niliyemwendea alinishauri nibadilishe redio nzima niweke ya skrini kubwa, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta fedha. Nashukuru kwamba kabla ya kumlipa nilikaa garini jioni moja, nikaipitia ile redio ukurasa kwa ukurasa.

Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo niliazima simu ya jirani yenye programu ya kutafsiri kwa kamera. Alama za kuzijua si nyingi. 設定 ni mipangilio, 電話 ni simu, 登録 ni kusajili na 削除 ni kufuta. Nilipofungua sehemu ya simu zilizosajiliwa nilikuta majina matano, yote ya watu waliolitumia gari kabla yangu, na hapakuwa na nafasi ya sita. Redio nyingi za umri ule huhifadhi simu chache tu, na zikijaa hukataa simu mpya bila kueleza sababu. Nilifuta yote matano. Kisha nikafuta jina la gari kwenye simu yangu pia, kwa sababu majaribio yaliyoshindikana yalikuwa yameacha kumbukumbu upande mmoja, na upande mmoja ukikumbuka huku mwingine umesahau, vifaa hivyo havielewani. Nikaizima simu, nikaiwasha, nikaanza upya. Iliunganika mara ya kwanza.

Unapofanya kazi hii, gari liwe limesimama na breki ya mkono imevutwa, kwani redio nyingi za Japani hufunga menyu hizo gari likiwa linatembea. Simu nayo iache kwenye ukurasa wa Bluetooth hadi umalize, maana simu za siku hizi huonekana na vifaa vingine pale tu ukurasa huo unapokuwa wazi. Magari yaliyotengenezwa kabla ya toleo la 2.1 la Bluetooth, lililotoka mwaka 2007, na mengi yaliyofuata karibu na hapo, hudai uandike namba ya siri, ambayo kwa kawaida ni 0000 au 1234, au ile inayoonyeshwa kwenye skrini ya redio. Simu ikiuliza kama gari liruhusiwe kusoma majina uliyohifadhi kwenye simu, ni hiari yako. Ukikataa, mazungumzo yatafanya kazi vilevile.

Jambo linalowasumbua wengi baada ya hapo ni muziki. Mimi nilipata mazungumzo safi kabisa, lakini wimbo haukusikika hata mmoja, na huo haukuwa ubovu. Kupiga simu na kusikiliza muziki ni huduma mbili tofauti ndani ya Bluetooth, na magari mengi ya zamani yalipewa ya kwanza peke yake. Hakuna mpangilio wa simu utakaoiongeza ya pili. Kama gari lina tundu la waya wa sauti, nunua waya, ni rahisi na sauti yake ni nzuri. Kama halina, kuna vile vifaa vya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti vinavyorusha sauti kwa FM, ila kumbuka kwamba redio za Japani za wakati huo hupokea FM kuanzia 76 hadi 90 tu, ilhali vifaa hivyo kwa kawaida huanzia 87.5, kwa hiyo tafuta masafa matupu kati ya 87.5 na 90.

Mtu asikushauri uchomoe betri ili redio isahau kila kitu. Baadhi ya redio za Japani zenye ramani hujifunga umeme ukikatika, zikadai namba ya kufungulia au kadi ya ramani ambayo mara nyingi haikuja na gari, na hapo utapoteza hata kile kidogo kilichokuwa kinafanya kazi.

Na siku utakapoliuza gari hilo, rudi kwenye 削除 kabla ya kukabidhi ufunguo. Katika redio yangu nilikuta pia majina na namba za simu za watu wa Japani nisiowajua, zimesafiri na gari hadi Mbagala. Nilizifuta zote jioni ileile.