Kiota Kimya cha Fundichuma Hakijaachwa

Wadogo zangu mlioingia kazini msimu huu, nimepitia madaftari yenu ya wiki ya kwanza ya kuangalia viota vya fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, na nimekutana mara nne na maneno yaleyale: "Hakuna ndege, kiota kimeachwa." Mwandiko ni wenu, lakini kosa ni langu la zamani.

1. Kiota kimoja si lazima kiwe jozi moja ya ndege. Fundichuma wawili huweza kujenga viota kadhaa kwa mwaka mmoja na wasitage katika vingi vyavyo.

2. Msiguse mlango. Hapa mnivumilie. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa kiota kilichokuwa kwenye panda ya mkuyu, juu ya kijito, rundo la vijiti lenye upana wa karibu mita moja na nusu. Nilikaa chini yake tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kuona hata unyoya, nikaandika kwa kujiamini kwamba kimeachwa, kisha nikapanda na panga ili nikipime chumba cha ndani. Njia ya kuingilia, ambayo wenyewe huikandika tope hadi ikawa laini kama ukuta uliopigwa lipu, ilipitisha mkono lakini bega likagoma. Nikaikwangua, nikaipanua, na vidole vikagusa kitu chenye joto. Walikuwa makinda watatu wenye manyoya laini ya kijivu, mmoja mkubwa kuliko wenzake, kwa kuwa kuatamia huanza kabla mayai hayajakamilika. Wazazi walikuwa wamekwenda kutafuta vyura: kuta zile nene ndizo zinazowawezesha kuwaacha watoto peke yao kwa saa nyingi, jambo ambalo yangeyange hathubutu makinda wake wakiwa wachanga. Nilirudishia tope kwa kiganja, kama mtoto anayeficha chungu alichokivunja. Siku ya tatu nilimkuta kenge ametoa kichwa palepale nilipopanua. Msimamizi wangu alisoma mstari wangu mmoja wa siku hiyo, akanimiminia chai, hakuniuliza kitu. Afadhali angenigombeza.

3. Kuatamia huchukua siku 30 hivi, na makinda huruka wakiwa na siku 44 hadi 50. Andikeni tarehe, si "karibuni".

4. Wakisharuka, bado hurudi kulala kiotani, kwa hiyo nendeni pia jua linapotua. Kile cha kwenye mkwaju karibu na daraja, ambacho mmoja wenu amekipigia mstari mwekundu, nilikipitia jana saa kumi na mbili jioni. Waliingia watano.