Mama ana kilo 128 na saratani ya mji wa mimba: afunguliwe tumbo au atobolewe?

Dada mmoja wa Sengerema ameniandikia. Mama yake ana kilo 128 na urefu wa sentimita 158, yaani BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 51. Hedhi ilikoma zamani, damu ikarudi, na kinyama kilichopimwa kimeonyesha saratani ya mji wa mimba daraja la kwanza, yaani isiyo kali sana. Ndugu wanataka asubiri hadi ipatikane "ile ya kamera", yaani upasuaji wa kutoboa matundu madogo.

Kwa njia zote mbili kinachotolewa ni kilekile: mji wa mimba na mlango wake, mirija na ovari. Utafiti wa LACE, uliolinganisha njia hizo kwa wanawake 760, uliwafuatilia miaka minne na nusu: walioishi bila ugonjwa walikuwa takriban 81 kati ya 100 kila upande. Matundu madogo yanashinda kwenye kidonda, kwa sababu mafuta mazito yaliyokatwa hupata damu kidogo, hukusanya maji na huoza upesi.

Tatizo la matundu ni mapafu. Kitanda huinamishwa kichwa chini nyuzi 25 hadi 30, tumbo hujazwa gesi, na mafuta yote ya tumboni hukandamiza kifua. Timu makini humwinamisha mgonjwa polepole kabla ya kutoboa, ikasoma oksijeni na presha ya mashine ya kupumulia, kisha ikatumia gesi kidogo, presha ya mmHg 10 badala ya 15. Chini yake huwekwa godoro la povu asiteleze. Vishikio vya mabega huumiza mishipa ya fahamu ya mikono. Tundu la kwanza nalo lisipimwe kwa kitovu, maana kwa mtu mnene kitovu kimeshuka.

Hata hivyo, katika utafiti wa Marekani uitwao LAP2, wenye BMI zaidi ya 40 walioanza kwa matundu, 57 kati ya 100 waliishia kufunguliwa, hasa kwa sababu daktari hakuona vizuri. Roboti ya upasuaji hupunguza hilo, lakini mama asiyevumilia kuinamishwa, roboti haimsaidii.

Kwa hiyo kufunguliwa si aibu, kukifanywa vizuri. Mkato uwe wa kusimama, juu ya mkunjo wa tumbo, kamwe usiwe ndani ya mkunjo palipo na jasho. Ukuta wa tumbo ufungwe kwa mishono midogo ya karibukaribu, uzi uliotumika uwe angalau mara 4 ya urefu wa kidonda. Sefazolini, dawa ya kuzuia maambukizi, kwa kilo 120 na zaidi ni gramu 3, ndani ya saa moja kabla ya kisu. Wengi hutoa 2 kwa mazoea. Sukari ya damu ikae chini ya 10 mmol/L. Atembee mapema, na sindano za kuzuia damu kuganda ziendelee hadi siku 28.

Ipo na njia ya ukeni, inayosahaulika mno. Haihitaji gesi wala kuinamishwa sana, na ganzi ya mgongoni inaweza kutosha. Tezi za limfu hazifikiki, na ovari wakati mwingine hukwama juu. Kwa daraja la kwanza, mapafu yakiwa mabovu, ningeiuliza kabla ya kukata tamaa. Asiyeweza upasuaji wowote kwa sasa anaweza kuwekewa kitanzi cha homoni cha levonorgestreli, huku akifuatiliwa kwa kinyama kila baada ya miezi michache.

Dada, usimkalishe mama nyumbani akivuja damu ili apungue kilo kwanza. Mpeleke hospitali ya Bugando, Mwanza, apimwe uzito kwa mizani, si kwa kukadiriwa, kwani dozi zote hutegemea hapo. Mwulize mtaalamu wa usingizi kama atavumilia kuinamishwa. Kisha mwulize daktari wa upasuaji: mkikwama katikati, mtafungua wapi, na kitanda chenu kinabeba kilo ngapi?