Kobla ya maembe: chini maji, juu unga mbichi

Pole dada. Umesema kobla yako, yaani matunda matamu yaliyookwa na donge la unga juu, inatoka majimaji chini na donge juu bichi. Tatizo ni embe. Dodo la Desemba hapa Dar lina juisi nyingi, kwa hiyo lichemshe kwanza na sukari, ndimu na kijiko cha kornflawa (wanga wa mahindi) mpaka rojo lishike mwiko. Limimine kwenye trei likiwa bado linatokota, udondoshee donge juu kwa kijiko. Joto la rojo hilo ndilo linaloivisha donge upande wa chini. Acha nafasi kati ya donge na donge mvuke utoke, na usikande kama chapati! Ovena nyuzi 190, kama dakika 35. Kwa mkaa, moto mwingi uwe juu ya mfuniko. Bandua donge moja: chini likiwa kavu, epua.