Kupanga viti vya maongezi kwenye sebule nyembamba

Sebule yetu ina upana wa mita 2.8 na urefu wa mita 5.6. Mlango wa mbele uko kwenye ukuta mmoja mfupi, dirisha kubwa liko kwenye ukuta mfupi wa pili, na mlango wa jikoni uko kwenye ukuta mrefu, hatua chache tu kutoka mlango wa mbele. Tulipohamia tulifanya kama wafanyavyo wengi: kila kitu kikasukumwa ukutani. Kochi la watu watatu na la watu wawili tuliyapanga mstari mmoja, runinga ikakaa mkabala nayo, na katikati tukaacha nafasi tupu, tukiamini ndiyo itakayofanya chumba kionekane kipana.

Tulikaa hivyo karibu miaka miwili. Kilichonifumbua macho ni siku baba alipokuja kututembelea. Sikio lake la kulia halisikii vizuri. Jioni ile tulikuwa watu watano, tumekaa mstari mmoja kama abiria, naye alikuwa mwisho kabisa, sikio lake zima limeelekea ukutani. Dada yangu, aliyekaa upande wa pili, alikuwa akisimulia kisa kirefu na watu wanacheka. Nilimwona baba akiinama mbele, viwiko juu ya magoti, shingo kaipinda ili amwone msimuliaji. Alivumilia hivyo dakika chache. Kisha akajirudisha nyuma taratibu, akaegemea, akaanza kuitazama runinga, na runinga yenyewe ilikuwa imezimwa.

Iliniuma sana. Tatizo halikuwa masikio yake peke yake. Hata mimi mwenye masikio mazima nilikuwa nikiwasikia wawili tu waliokuwa jirani yangu.

Baadaye nilisoma kuhusu jambo lililotokea Kanada miaka ya 1950. Daktari wa magonjwa ya akili Humphry Osmond, aliyekuwa akiongoza hospitali katika jimbo la Saskatchewan, aliona kwamba wodi ya akina mama wazee ilikuwa imekarabatiwa vizuri, ina rangi mpya na viti vipya, lakini wazee wenyewe hawaongei. Viti vilikuwa vimepangwa bega kwa bega kuzunguka kuta. Mwanasaikolojia Robert Sommer alipoingia kulichunguza jambo hilo, viti vilitolewa ukutani vikawekwa kuzunguka meza ndogo. Mwanzoni mpango huo haukupokelewa vizuri, watu walikuwa wameshazoea ukuta. Lakini baada ya wiki kadhaa maongezi yalikuwa yamekaribia kuongezeka maradufu. Sommer aliona na jambo jingine: waliokaa kwenye kona ya meza, mmoja upande huu na mwenzake upande wa pembeni yake, waliongea zaidi kuliko waliotazamana na kuliko waliokaa ubavu kwa ubavu.

Jambo hilo la kona ndilo linalowahusu wenye sebule nyembamba. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuweka makochi mawili yatazamane, nao unafaa chumba kipana. Piga hesabu kwenye chumba kama changu. Kochi lina kina cha sentimita 92. Kiti cha mkabala kina kina cha 80 hivi. Ukitoa hizo kwenye 280 unabaki na 108 katikati, na humo humo unataka magoti ya watu wa pande mbili, meza, na mtu apite. Haiwezekani. Kila anayekwenda jikoni atawafanya watu wakunje miguu, na mazungumzo yatakatika kila mara. Mkao wa kona hauhitaji upana huo. Mtu anakaa kwenye kochi lililo ukutani, mwenzake anakaa kwenye kiti kilichokatisha mwisho wa kochi hilo, magoti yao yanakaribiana kwa pembe, na kila mmoja anaweza kumtazama mwenzake au kupumzisha macho pembeni bila kuonekana anamkwepa.

Kabla ya kugusa kochi lolote, tafuta njia za miguu. Simama mlangoni ujiulize watu wanapita wapi kutwa nzima. Kwangu, njia yote ilikuwa kati ya mlango wa mbele na jikoni, yaani kwenye nusu ya kwanza ya chumba. Nusu ya dirishani haipitwi na mtu, kwa sababu hakuna pa kwenda. Na sisi tulikuwa tumeweka kochi kubwa kwenye nusu ya njia, na dirishani tumeacha kabati na maua! Ukiwa na sehemu kama hiyo isiyo na njia, ndiyo ya kuwapa watu. Kama chumba chako kina milango pande zote mbili na hakikwepeki kupitwa, basi toa njia moja iliyonyooka kando ya ukuta mrefu mmoja, isiwe chini ya sentimita 75, na viti vyote vikae upande wa pili. Kinachoudhi ni njia inayokatisha katikati ya watu wanaoongea.

Mpango wetu wa sasa uko hivi. Kiti cha kwanza kimelipa dirisha mgongo, kimeachiwa sentimita 30 kwa ajili ya pazia. Kando yake, kwenye ukuta mrefu usio na mlango, liko kochi la watu wawili lenye urefu wa sentimita 150. Baada ya kochi kuna kiti chepesi kisicho na mikono, kimegeuzwa kidogo kuelekea dirishani. Mbele ya kochi kuna meza ya duara yenye upana wa sentimita 60, umbali wa 40 kutoka kwenye kochi, ili mtu afikie kikombe chake bila kunyanyuka na miguu ipate pa kukaa. Ukijumlisha kina cha kochi, hizo 40 na meza, unapata 192. Zinabaki 88 za kupita. Vyote hivyo vimetumia kama mita 3.6 za urefu wa chumba, na mita mbili za mlangoni ziko wazi. Waliokaa mbali zaidi wanatenganishwa na mita 2.5 hivi, hapo mtu anaongea kwa sauti yake ya kawaida.

Meza iwe ya duara, hili nalisisitiza. Kwenye chumba chembamba kona za meza ya pembe nne zinagonga miguu kila siku.

Kochi la watu watatu tuliliondoa, na sijalijutia. Angalia mwenyewe nyumbani kwako: wageni wawili wakikaa kwenye kochi la watatu, wa tatu hatafuti pale katikati, atatafuta kiti kingine hata kama ni stuli. Na akikaa katikati, kila anapomgeukia mmoja anampa mwingine kisogo. Tena makochi mengi yana mikono minene, sentimita 25 kila upande. Hiyo ni nusu mita nzima ya ukuta isiyokaliwa na mtu. Ukiwa unanunua, pima kochi pamoja na mikono yake. Makochi ya umbo la L nayo yanavutia macho, ila ile kona ya ndani ndiyo inayogombanisha magoti ya watu wawili, na kochi lenyewe ukishaliweka huwezi kulihamisha.

Sasa mwanga, jambo ambalo watu hulisahau. Anayekaa akilipa dirisha mgongo, uso wake mchana unakuwa kivuli kwa wenzake. Lakini yeye anawaona wenzake vizuri, nyuso zao zimeangaziwa. Kwa hiyo kile kiti cha dirishani tunamwachia baba. Mtu asiyesikia vizuri husaidika sana na kutazama midomo, na midomo anaiona vizuri pale mwanga unapomwangukia anayeongea. Na kwa kuwa kochi lote liko kushoto kwake, sikio lake zima ndilo linaloelekea watu. Kwa sisi wengine tumetundika pazia jepesi linalopunguza ukali wa jua ili nasi tumwone yeye. Usiku tunazima ile taa ya darini na kuwasha taa mbili za chini, moja karibu na kila kiti, kwenye usawa wa mabega.

Mwangwi nao ni adui wa chumba chembamba. Kuta mbili ndefu zilizo karibu zinarudishiana sauti kama watu wanaorushiana mpira, na maneno yanachuja. Piga kofi moja katikati ya chumba usikilize. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, ongeza vitu laini: zulia linaloingia chini ya miguu ya mbele ya viti vyote, pazia zito kidogo, mito, hata rafu ya vitabu. Zulia lisiwe dogo la kukaa chini ya meza tu, linafanya viti vionekane vimetawanyika.

Runinga tuliitundika ukutani mkabala na kochi. Kabati lake lenye kina cha sentimita 30 lingetupunguzia zile 88 za njia hadi 58, kwa hiyo tukaliondoa.

Kama huna uhakika, usianze kubeba makochi. Chukua magazeti ya zamani, yaunganishe kwa gundi ya karatasi, kata vipande vyenye ukubwa halisi wa kila kiti na meza, uvitandaze sakafuni. Viache siku mbili. Kila anayepita atakanyaga mahali, na pale panapokanyagwa mara kwa mara ndipo penye kosa. Sisi kwa njia hiyo tuligundua kwamba kile kiti kisicho na mikono kilikuwa kimesogea sentimita 15 mno kuelekea jikoni. Chukua pia mtu wa pili, mkae sakafuni penye vipande hivyo, muongee kwa dakika kumi. Shingo zenu zitawaambia kama pembe ni nzuri.

Stuli mbili nyepesi tunaziweka kwenye ile nafasi ya mlangoni, kwa siku za wageni wengi. Siku hizo tunazihamishia ng'ambo ya meza, kwenye njia yenyewe, kwa kuwa anayepita ni mmoja mmoja.

Baba alikuja tena miezi miwili baada ya sisi kuhamisha viti. Dada akaanza kisa kingine, na katikati ya kisa baba akamkatiza kumsahihisha jina la mtu.